Uji wa Gundi

Uji wa kwenye picha haupikwi. Shangazi Picha alilijua hilo tangu akiwa mshika taa wa marehemu mumewe: uji wa kweli ukipoa hufanya utando, na mbele ya taa utando huo hujikunja ukachukiza. Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya studio, akikoroga gundi nyeupe na maji ndani ya bakuli. Pamba iliyoloweshwa maji ya moto ilisubiri kufichwa nyuma ya bakuli hilo, itoe mvuke.

Kazi ilikuwa ya kampuni ya unga wa lishe, na haikuwa ya mchezo. Siku hizi simu zimewanyang'anya wapiga picha tonge mdomoni. Hata picha za kitambulisho watu wanajipigia ukutani kwao. Mwenye nyumba alishamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, kwamba muuza simu anakitaka kile chumba mwezi ukiisha. Picha hii ikikubaliwa, kampuni ingempa kazi ya mwaka mzima na studio ingebaki. Ikikataliwa, afunge virago.

Kampuni ilitaka sura za watu wa kawaida, maana warembo wa matangazo wana bei. Akawaita mshonaji wa mlango wa pili na binti yake wa miaka sita. Mtoto alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, mtaa mzima ukambatiza Kibogoyo, na mwenyewe alilipenda jina hilo hata akalitangaza kwa kila mgeni. Alimtangazia pia wakala wa kampuni, aliyeingia na paketi sita za unga, akazihesabu mbele yao na kusema zitarudi zote.

Wakaanza. Mama ameshika paketi, mtoto amebeba kijiko. "Kilete karibu na mdomo, lakini usile," Shangazi alielekeza. Picha tatu za kwanza Kibogoyo alicheka mpaka pengo likaonekana lote. Kufika ya kumi kicheko kilikuwa kimepungua, na ya kumi na tisa macho yake yaliganda kwenye kijiko.

"Shangazi, sasa nile?"

"Hapana, mama. Hii ni gundi."

Mtoto akamgeukia mama yake. "Ulisema kuna uji."

Mshonaji aliinamisha kichwa. Wakala alikuwa ametoka kupokea simu, ndipo mshonaji akaeleza kwa sauti ya chini. Tangu unga upande bei mara ya pili, asubuhi kwake ni chai ya rangi. Leo hata hiyo hakumpa mtoto; alimwambia aache nafasi tumboni, wanakwenda kulishwa uji wa kwenye matangazo. "Tangazo la uji, dada," alisema, "nani angejua halina uji?"

Shangazi aliweka kamera chini. Alikuwa ameishi na gundi miaka mingi hata akasahau kwamba mtu mwenye njaa akiona bakuli huona chakula. Akachana paketi moja, akaenda nyuma ya pazia kwenye jiko lake la chai, akapika uji wa kweli. Aliupooza mwenyewe kwa kuumimina kikombe hadi kikombe.

Kibogoyo alikula kwa mikono miwili, uso ndani ya bakuli, uji mpaka puani. Shangazi akazima taa akampiga picha nne kwa mwanga wa dirishani tu. Hazikuwa za kampuni. Alizipiga kwa sababu alimpenda yule mtoto.

Wakala aliporudi alihesabu paketi tano, akaiandika ya sita kwenye karatasi yake. Kisha akapitia picha kwenye kamera. Zile nne aliziruka: paketi haionekani, mtoto mchafu. Akasimama kwenye ya kumi na tisa.

"Hii. Ona macho yanavyoutamani."

"Hapo ana njaa," Shangazi alisema.

"Ndiyo maana inauza." Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na bosi wake. Alitaka aipate kabla ya jioni, la sivyo kazi iende kwa mwingine.

Wakala alipoondoka, Shangazi alikaa kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufutia. Mshonaji alikuwa akimpangusa mwanawe pua kwa upindo wa kanga.

"Mpe, dada," alisema bila kumtazama. "Njaa yenyewe imeshapita. Acha walau ikulindie chumba."

Aliituma. Studio ilibaki, na kwenye kioo cha mlango alitundika moja ya zile nne, ile ya uji puani. Mwezi uliofuata bango likasimamishwa njia panda, refu kuliko maduka, limeandikwa FURAHA YA KILA ASUBUHI. Unga nao ulikuwa umepanda tena.

Shangazi alimbeba Kibogoyo mgongoni kwenda kulitazama, akitumaini atafurahi kujiona mkubwa vile. Mtoto alilitazama kwa muda mrefu, kidevu kimeegemea bega la Shangazi. Kisha, kama kawaida yake kwa wageni, akawatangazia watu waliokuwa wakipita.

"Yule ni mimi," alisema. "Pale nilikuwa bado sijala."