Fomu ya Mia Mbili na Kumi na Nne

Mkurugenzi wa shule za wilaya ya Kessling alipoaga mwezi wa Novemba na kwenda kushika wilaya kubwa zaidi upande wa mashariki, bodi ya shule ilimpa Duane Fettig ukaimu. Kisha ikatangaza kwamba kabla ya kuajiri mtu wa kudumu itawauliza wananchi wanataka mtu wa namna gani. Wengi walicheka. Duane alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari kwa miaka kumi na tisa, na katika wajumbe watano wa bodi, watatu walikuwa wamewahi kuitwa ofisini kwake wakiwa wanafunzi. Hakuna aliyeona kuna jambo la kuuliza.

Kazi ya kuuliza iliangukia mikononi mwa Marlys Hauge, karani wa bodi, mjane wa miaka sitini na mmoja aliyeandika kumbukumbu za vikao tangu enzi za mashine za chapa. Kampuni ya washauri ilimtumia fomu zenye maswali matatu: mnajivunia nini katika shule zenu, mnasumbuliwa na nini, na mkurugenzi mpya awe mtu wa aina gani. Juu ya kila fomu palikuwa na maneno mazito: usiandike jina lako.

"Utapiga chapa kila neno kama lilivyoandikwa," mshauri alimwambia kwa simu. "Hata tahajia usirekebishe. Ukianza kuwasaidia watu kusema, hayo si maoni yao tena."

"Na wakitukana?"

"Matusi yana maana yake. Yaweke."

Kikao cha kwanza kilifanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, Alhamisi ya kwanza ya Februari. Nje ilikuwa baridi ya kugandisha mate mdomoni. Watu arobaini na kitu walifika, wakarundika makoti juu ya piano, wakajipakulia viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga, kisha wakakaa viti vya nyuma kana kwamba vya mbele vina miiba. Curt Aasen, mwenyekiti wa bodi na mkulima wa alizeti, alifungua kwa maneno machache na kuketi haraka. Aliyesimama kwanza ni Lyle Brockel, dereva wa basi la shule la upande wa kaskazini.

"Mimi nataka mtu anayejua kuchungulia dirishani," alisema. "Mwezi uliopita nilikuwa nimeshapakia watoto kumi na mmoja, ndipo napigiwa simu eti shule imefungwa kwa sababu ya theluji. Theluji naiona! Niko ndani yake! Nikageuza basi pale darajani, kidogo tuende mbinguni kundi zima."

"Lyle, daraja lile hata kiangazi huwa unaligonga," ilisema sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

"Nililigonga mara moja tu, Alvina, na mwaka huo wewe nywele zako zilikuwa bado nyeusi."

Watu wakacheka. Duane, aliyekuwa amesimama ukutani karibu na birika kubwa la kahawa, akainua mkono.

"Kosa lilikuwa langu, Lyle. Nilisubiri mno."

"Najua ni lako. Ndiyo maana naongea ukiwepo. Sipendi kumsengenya mtu."

Walioongea baada yake walitaka mtu wa kukaa, si wa kupita njia. Mtu atakayehudhuria mechi za wasichana kama anavyohudhuria za wavulana. Mtu asiyezungumza kama karatasi ya serikali. Kila baada ya watu wawili au watatu, mmoja alisema wazi kwamba mtu huyo wanaye tayari, amesimama pale ukutani, na wanapoteza muda. Duane aliangalia viatu vyake. Kikao kilipoisha, ni yeye aliyeanza kukunja viti na kuvipanga, huku wanaume wazima watatu wamesimama wakizungumzia bei ya mbegu. Colleen, mkewe, alikuwa amekwisha kuvaa koti. Alimngoja mlangoni na funguo za gari mkononi, akamngoja sana. Marlys aliliona hilo lakini hakulitia maanani.

Hadi mwisho wa Februari fomu mia mbili themanini na sita zilikuwa zimerudi, nyingine kutoka sanduku lililowekwa maktaba, nyingine kutoka ofisi ya ushirika wa nafaka, moja ikiwa na doa la mafuta ya trekta. Marlys alizipa namba na kuzipiga chapa moja moja ofisini kwake, kwa siku sita. Mia moja sabini na moja zilimtaja Duane kwa jina na kumtaka. Nyingine ziliomba bwawa la kuogelea. Kulikuwa na mtu aliyejibu maswali yote matatu kwa neno moja, "mpira."

Asubuhi ya siku ya tano aliifikia fomu ya mia mbili na kumi na nne. Maswali mawili ya kwanza yalikuwa wazi, hayakujibiwa. Chini ya la tatu paliandikwa kwa wino wa buluu:

"Awe mtu wa kutoka kwingine. Mliye naye mtamla mpaka mfupa na hatasema hapana, kwa sababu hajui kusema hapana. Mwezi wa Januari alianguka kwenye barafu ya maegesho ya shule alfajiri, akakaa chini pale nusu saa kwa sababu hakuwa na nguvu za kuinuka. Kisha akaingia kazini. Mkimpenda, msimpe kazi hii."

Marlys alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwandiko ule aliujua. Kwa miaka ishirini na mitano, kila Agosti, yeye na Colleen Fettig walitia matango kwenye siki jikoni kwa Colleen, na Colleen ndiye aliyeandika lebo za mitungi. Ile herufi "g" yenye mkia uliojiviringisha kama masharubu haikuwa na mwenziwe katika wilaya nzima.

Alijaribu kuendelea na fomu ya mia mbili na kumi na tano. Vidole vikakataa. Mchana alivaa koti akaenda maktaba, alikokuwa akifanya kazi Colleen, akarudisha kitabu ambacho hakuwa amekimaliza.

"Umekipenda?" Colleen aliuliza.

"Bado." Marlys aliangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu. "Colleen, kuna fomu moja. Ikisomwa kama ilivyo, kuna watu watajua mambo ambayo labda mwenyewe hakutaka..."

"Fomu ina jina?"

"Haina."

"Basi unanieleza nini mimi?"

"Nakueleza kwamba ripoti itachapishwa. Itasomwa na kila mtu. Naweza kutoa sentensi moja tu, ile ya..."

"Marlys." Colleen alipiga muhuri kwenye kitabu, akakiweka rafuni nyuma yake. "Mmewaambia watu waseme. Mtu kasema. Iandike kama ilivyo."

Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Marlys alirudi ofisini na kuipiga chapa fomu ya mia mbili na kumi na nne, neno kwa neno.

Ripoti ilitoka Ijumaa. Jumatatu saa moja asubuhi, Duane aliingia ofisini kwa Marlys na nakala yake imekunjwa kwenye ukurasa mmoja. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Hii," alisema, akiweka kidole.

"Fomu hazina majina, Duane."

"Sikuulizi jina." Alikaa. Alikuwa mtu mrefu, na kwenye kiti kile cha wageni magoti yake yalifika karibu na kifua. "Ni watu wawili tu duniani wanaojua kwamba nilianguka. Mimi sikuandika."

Nje watoto walikuwa wakishuka kwenye mabasi, na mmoja alikuwa akilia kwa sauti kubwa kwamba kapoteza glavu.

"Angeweza kuniambia tu," Duane alisema.

"Hakukuambia?"

Alifikiri muda mrefu, kwa haki, kama alivyokuwa akiwafikiria wanafunzi walioletwa mbele yake.

"Aliniambia," akasema. "Mara nyingi. Mimi nilikuwa namjibu kwamba watu wananihitaji."

Kisha akaondoka, akamwachia ripoti mezani.

Jioni ile bodi ilikaa. Curt Aasen alisoma hesabu: mia moja sabini na moja kati ya mia mbili themanini na sita. Akasema wananchi wameongea, na akapendekeza utafutaji usitishwe, Duane apewe mkataba wa miaka mitatu. Watu wakapiga makofi. Duane akasimama, akangoja makofi yaishe.

"Naomba jina langu liondolewe," alisema. "Nitakaimu hadi Juni, kisha nitarudi sekondari."

"Sababu?" Curt aliuliza, kalamu yake hewani.

"Nimesoma maoni."

Akaketi. Marlys aliandika kwenye kumbukumbu maneno hayo mawili, akaongeza nukta.

Curt alimfuata baadaye kwenye korido, uso umemwiva.

"Ungeweza kuiruka ile moja, Marlys. Moja tu! Nani angejua?"

"Aliyeiandika angejua."

"Aliyeiandika ni mwoga aliyejificha nyuma ya karatasi."

Neno hilo lilisafiri. Kufikia katikati ya wiki, mji mzima ulikuwa umeshaamua mwoga ni nani. Nani huwa kwenye maegesho ya shule alfajiri, akipasha moto injini? Nani alimsema Duane hadharani kanisani? Jumatano Lyle Brockel aliingia kwenye mkahawa wa barabara kuu na wanaume wa meza yake ya kila siku wakakumbuka kwamba wana kazi mahali. Alhamisi mtu aliandika kwa kidole kwenye vumbi la basi lake maneno ambayo aliyafuta kabla watoto hawajapanda. Ijumaa alikuja ofisini kwa Marlys.

"Waambie si mimi," alisema. "Wewe umeziona zote. Mwandiko wangu unaujua, kila wiki nakujazia ripoti ya basi."

"Siwezi kusema ni nani, wala si nani."

"Kusema si mimi kuna ubaya gani?"

"Nikisema si wewe, kesho atakuja mwingine, halafu mwingine. Wakibaki watu kumi, nitakuwa nimemtaja."

Lyle alivua kofia yake na kuitazama ndani.

"Mtu kaanguka kwenye barafu mita hamsini kutoka kwangu," alisema. "Lau ningemwona, ningekaa tu ndani ya basi niandike fomu? Wananionaje mimi?"

Usingizi ulimpa taabu siku zile. Alifikiria kumpigia simu Colleen, na mara mbili aliinua simu. Lakini alikuwa amekwenda maktaba mara moja tayari, na hata safari ile hakuwa na uhakika kama ilikuwa ya haki.

Hakuhitaji kumpigia. Jumamosi asubuhi mkahawa ulijaa, kwa sababu ilikuwa siku ya supu ya viazi na madonge ya unga. Lyle alikuwa ameketi peke yake kaunta, viti viwili vitupu kila upande. Marlys alikuwa dirishani na dada yake. Colleen Fettig aliingia, akakung'uta theluji miguuni, akaenda moja kwa moja kukaa kiti kilichokuwa karibu na Lyle.

"Colleen," Curt Aasen aliita kutoka meza ya wanaume, kwa sauti ya upole wa kupita kiasi, "huku kuna nafasi."

"Hapa pananitosha." Aliagiza kahawa. Ilipokuja, aligeuka na kikombe mkononi, akawatazama wote. "Ile fomu niliandika mimi."

Vijiko vikatulia.

"Alikuja nyumbani suruali imechanika gotini, siku ile ile ya theluji, Lyle, akaniambia nisimwambie mtu. Nikanyamaza wiki tatu. Kisha mkaleta karatasi mkauliza. Curt, unasema ni mwoga. Haya, mimi hapa."

Alvina, aliyekuwa akila supu mezani kwake, ndiye aliyeongea.

"Nusu saa kwenye barafu?"

"Nusu saa."

"Na sisi ndio kwanza tunamwomba miaka mitatu," Alvina alisema, na akarudia kijiko chake.

Lyle alikuwa bado anautazama uso wa Colleen kwa karibu.

"Wiki nzima nimekula peke yangu kwa ajili yako," alimwambia. "Hii kahawa unalipa wewe."

"Nalipa."

"Na mkate wa mdalasini."

"Na mkate, Lyle."

Bodi iliajiri mwezi wa Mei mwanamke kutoka Montana aliyeitwa Gretchen Sundvall, aliyekuwa na mbwa wawili na tabia ya kukata mikutano saa kumi na moja jioni, hata mtu akiwa katikati ya sentensi. Baadhi walimlalamikia kwa hilo. Duane alirudi sekondari. Kwa wiki kadhaa yeye na mkewe walionekana wakienda kanisani kwa magari mawili, na watu wakasema maneno yao. Kisha wakaonekana katika gari moja, na hakuna aliyejua kilichosemwa katikati. Julai walikwenda kwa binti yao huko Duluth wakakaa siku kumi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu binti huyo aolewe.

Agosti Marlys alisubiri simu ya matango. Haikuja wiki ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu, Colleen alipiga na kusema matango yamekomaa kupita kiasi, mbegu zimekuwa kubwa, lakini kama Marlys ana nafasi, aje tu. Marlys alikwenda. Walifanya kazi asubuhi nzima wakizungumzia magoti ya dada yake Marlys na bei ya siki. Duane aliingia mara moja kuchukua maji, akawasalimia, akatoka kwenda kulala kwenye kiti cha kamba chini ya kivuli cha gereji, na hapo alilala hadi saa tisa alasiri bila mtu kumwamsha.