Nitungie Uzi, Fundi

Nyumbani kwetu usiulize uzi uko wapi kabla hujasema ni uzi gani. Mimi fundi cherehani, wangu ni wa kushonea. Mume wangu fundi mwashi, wake ni ule anaoufunga kwenye misumari miwili, mmoja huku na mmoja kule, ili matofali yakae kwenye mstari. Binti yetu muuguzi, akirudi kazini, anatuhadithia tukiwa tunakula kwamba fulani kashonwa nyuzi saba pajani, mpaka nimkate jicho. Mumewe ni mpiga gitaa, na nyuzi zake hukatika siku ya shughuli tu, siku nyingine ni nzima. Akivaa jezi ya timu yake anaiita uzi mpya. Jezi yenyewe nimeitia viraka mpaka nimechoka, sijui upya wake ameuona wapi.

Mimi na mume wangu tunaitana Fundi. Tangu tuoane ana kazi yake moja humu ndani isiyo ya uashi, nayo ni kunitungia uzi kwenye sindano. Si kwamba siwezi, nilikuwa nashona kabla hajanijua. Lakini asubuhi, kabla hajatoka na ndoo yake, nampa sindano. Analamba ncha ya uzi, anafumba jicho moja, anaupitisha. Kisha anasema, "Haya Fundi, usije ukasema sikusaidii." Napenda kusikia maneno hayo kuliko chai.

Mwaka huu akaanza visingizio. Mara mikono yake michafu, mara kachelewa. Nikajua mapenzi yamechakaa, nikanuna. Mimi nikinuna hata cherehani inajua.

Katikati ya kununa huko ndipo alipoanza kujenga chumba changu. Cherehani yangu imekaa sebuleni miaka yote, mgeni akija nahamisha vitambaa ili apate pa kukaa. Mume wangu aliahidi kunijengea chumba cha kushonea kwa mkono wake mwenyewe, lakini nyumba za watu zikawa hazimwachii nafasi. Sasa aliipata. Akaniomba uzi mnene, nikampa ule wa mapazia bila kumtazama usoni. Alipomaliza safu tatu za kwanza akaniita nikaone.

Nikaenda na mdomo wangu umevimba. Nikasimama mwanzo wa ukuta, nikautazama kama ninavyotazama mshono wa suruali. Ukuta ulikuwa na kitambi. Tofali moja la katikati lilikuwa limeusukuma uzi nje, na yaliyofuata yote yamekwenda nalo. Hata anayejifunza kazi angeliona. Mume wangu alisimama pale pale anatabasamu, anangoja sifa.

"Fundi," nikamuuliza, "leo nimekupa uzi wa rangi gani?"

Akaangalia upande wa uzi. Alikuwa karibu nao kabisa.

"Si mweupe?"

Ulikuwa mwekundu. Kununa kote kukaniishia pale pale, nikabaki na uchungu na aibu ya kumnunia mtu asiyeona tundu la sindano.

Tukakaa juu ya matofali. Akasema, "Usiwaambie watoto, Fundi. Wataninyang'anya mwiko. Niache nimalize chumba chako, baada ya hapo nitauweka chini mwenyewe."

Niliwaambia. Siri ya namna hiyo sibebi. Binti yetu alimpeleka baba yake kwa daktari wa macho, wakarudi na dawa ya matone. Kilichopotea hakitarudi, binti alituambia, ila kilichobaki kitalindwa.

"Na chumba cha mama yako?" mume wangu akauliza.

Binti alitazama sakafu. "Baba, tutatafuta fundi mwingine amalizie."

Alitoka nje, akaosha mwiko wake, akaukausha kwa shati, akautundika ukutani. Huwa anaufanyia hivyo jengo likiisha. Safari hii jengo lilikuwa la kufika magotini, na mimi nililia jikoni kama mtoto.

Mkwe wetu si msemaji, maneno yake yote kayapeleka kwenye gitaa. Kesho yake alikuja na nyuzi zake kuukuu, zile za chuma zilizokatika. Alizisokota ncha kwa koleo mpaka zikawa uzi mmoja mrefu, akaufunga kwenye misumari ya mume wangu, akaukaza. Kisha akaugusa kwa kidole. Ukavuma.

"Baba, mimi nikipiga sizitazami," akasema. "Jaribu."

Mume wangu aliugusa mara nyingi. Kisha akaniomba mwiko. Kwanza alibomoa kitambi, maana hakutaka nikae na aibu yake ukutani. Akaanza upya. Akiweka tofali analisogeza taratibu huku kidole kikicheza kwenye uzi. Likiugusa, mvumo unakufa. Analirudisha nyuma kidogo, uzi unavuma tena, anagonga, anaendelea. Unyoofu wa kwenda juu alimwachia mkwe autazame kwenye timazi. Majirani waliuliza kama tunajenga au tunafanya mazoezi ya muziki, nikawajibu vyote viwili, na asiyetaka azibe masikio. Kazi ilikwenda polepole. Nami kila jioni nilikagua mstari kwa jicho langu baya la fundi cherehani, nisione pa kulalamikia. Nilitafuta kweli.

Siku tuliyohamisha cherehani, mume wangu aliosha mwiko wake akautundika. Hakuna aliyemwambia. Aliingia chumbani kwangu, akapapasa ukuta wake toka mlangoni hadi dirishani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa na gauni la kumalizia kwa mkono.

"Nitungie uzi, Fundi," nikamwambia.

Safari hii hakusingizia kitu. Akanyoosha mkono, nikampa uzi, sindano nikaishika mimi. Akalamba ncha, akafumba jicho moja, akaunyoosha uzi mbele yake. Mkono wake ulitulia kama zamani. Nikasogeza sindano taratibu mpaka tundu likaufikia uzi na kuupitisha.

"Haya Fundi," akasema, "usije ukasema sikusaidii."

"Sisemi," nikamjibu, nikafunga fundo.