Mama, Alikuwepo

Michael Tierney alipatikana mwezi wa pili, Ijumaa mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na Monicah akapiga kigelegele hadi jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Nimempata! Eddah, nimempata!"

Eddah alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la gesi akisonga ugali. Hakugeuka. "Josphat?"

"Josphat wa nini? Guka yangu! Babu!"

"Yule mzungu wenu wa Ireland?" Eddah aliugeuza ugali. "Mwambie basi atutumie waru. Si ndio wenyewe wa viazi?"

Walicheka, na Ian, aliyekuwa akipanga vifuniko vya chupa kwenye zulia, akacheka pia kwa kuwa wakubwa wanacheka. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alizaliwa kwenye chumba hicho hicho cha Riyadh, kwenye godoro lile lile, Eddah akimulika na simu, kwa sababu hospitalini wangeuliza ikama, kibali cha kuishi, na baada ya ikama wangeuliza cheti cha ndoa. Monicah hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa amemtoroka kitambo kafili wake, tajiri aliyemdhamini, na Josphat, babake Ian, dereva wa maghala ya Al-Sulay, alikuwa mtu wa ahadi tu. Tangu siku ile hapakuwa na kitabu cha serikali yoyote duniani kilichokuwa na jina la Ian.

Na bila karatasi mtoto hapandi ndege. Monicah angeweza kurudi nyumbani, hata kama ni kwa kufukuzwa. Ian ndiye aliyekuwa hana mlango.

Ofisi ya watu wa nyumbani, ubalozi wa Kenya, ilikuwa ikiandikisha watoto wa aina yake, siku maalum. Lakini maneno yaliyozunguka kwenye simu yalikuwa mabaya. Fulani aliulizwa baba yuko wapi mbele ya watu wote. Fulani aliishia mlangoni, akarudi alikotoka. Mwingine eti alitoka pale na kupelekwa polisi. Ukweli ulikuwa kiasi gani, nani ajuaye. Monicah alikuwa akiogopa yote kwa pamoja.

Ndipo alipomkumbuka guka, baba ya mamake. Alikuwa amesikia kwamba mtu ambaye babu yake alizaliwa Ireland anaweza kudai karatasi za nchi hiyo. Angeingia ofisi nyingine kabisa, ya watu wasiojua mambo yake, akiwa ameinua kichwa. Kama karatasi hizo zingemfunika na Ian pia, hilo hakutaka kulichungulia sana. Tumaini lake lilikuwa kama jiko la mkaa wenye unyevu. Akiacha kulipuliza, linazima.

Alichokuwa nacho ni picha ya kadi ya ubatizo ya mamake, iliyopigwa Nyeri na kutumwa kwa simu. Honorah, mwaka wa 1959. Baba: Michael Tierney, mzaliwa wa Ireland. Huyo Michael alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la kahawa. Aliondoka kabla mtoto hajajua kukaa, akamwachia jina lake kwenye kadi na weupe uliofanya aitwe pointi-faifu, nusu mzungu, hadi ana wajukuu.

Waairishi wameviweka vitabu vyao vya zamani kwenye mtandao, vya kuzaliwa na vya kufa, ukurasa kwa ukurasa, na yeyote anaweza kuvisoma. Shida ni kwamba akina Michael Tierney walikuwa wengi kupindukia. Monicah alisoma masomo ya jioni pale Nyeri, ukarani, akitoka sokoni na vumbi la mitumba mwilini, na mwalimu wao alikuwa akisema: anza na unachokijua. Yeye alijua desturi ya kwao. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake. Cucu wake, mama ya Honorah, hangekosa kumuuliza yule mwanamume, mamako anaitwa nani? Basi mamake Michael lazima awe Honora. Akawapita wote waliozaliwa na akina Mary, Bridget na Margaret, hadi Ijumaa hiyo alipomkuta huyu: kijiji kimoja cha Clare, huko Ireland, mwaka wa 1921, mama Honora. Mtu aliyepeleka habari za mtoto kwa msajili alikuwa ni huyo mama mwenyewe. Hakujua kuandika. Kando ya jina lake palikuwa na alama ya msalaba, imeinamia upande mmoja kama mtu aliyechoka.

"Ona," alimwambia Eddah. "Msalaba tu, na mtoto akaingia kitabuni."

"Kula kwanza," Eddah alisema. "Ugali unapoa."

Aliandikia parokia ya huko, na akajibiwa na mama mmoja mtu mzima aitwaye Noreen, anayetunza ofisi ya kanisa. Noreen alimpigia picha ukurasa wa ubatizo, wa Kilatini, wenye majina ya wasimamizi wawili. Akamweleza kwamba mtu akioa, hata akiolea ng'ambo, habari hurudi parokiani, na padri huiandika pembeni mwa jina lake la ubatizo. Pembeni mwa jina la Michael palikuwa peupe. Monicah aliutazama weupe ule akaona ndio muhuri wenyewe. Hakuoa kwao. Alikuja kwetu.

Alimwonyesha Ian picha ile ya ukurasa. "Huyu ni guka ya mama."

"Anakula waru?"

"Sana."

Mwezi wa nne Eddah alirudi na habari. Alifanya kazi saluni moja ya Al-Sulimaniyah, na hapo hakuna jambo la Wakenya lisilopita. "Jumapili hii ndiyo ya mwisho kuandikisha watoto. Baada ya hapo hawajui kama watarudia tena. Mpigie huyo mwanaume akupe hata picha ya ikama yake."

Josphat alikuwa amehamia Jeddah na kumfungia Monicah simu, kwa hiyo alimpigia kwa simu ya Eddah.

"Ni nani?"

"Mama Ian."

"Ai, Monicah! Namngoja madam hapa nje, anaweza kutoka saa yoyote."

"Sikucheleweshi. Jumapili naenda kumwandikisha mtoto. Nataka jina lako tu."

"Jina langu liandikwe wapi? Unataka nishikwe? Mimi hapa Al-Safa nimetulia, nina kafili wa maana."

"Ni mtoto wako, Josphat. Ana masikio yako."

"Na wewe si umekuwa mzungu? Nasikia umepata ukoo. Basi enda kwa wazungu wako. Halas, imekwisha."

Simu ikakatika. Monicah aliirudisha kwa mwenyewe, akaanza kukunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

"Twende tu hivyo hivyo," Eddah alisema. "Nitakusindikiza."

"Siendi. Namngoja Noreen."

"Noreen atamzaa Ian upya?"

Ujumbe wa Noreen ulifika Jumamosi, Ian akiwa amelala mchana, jasho likimtiririka shingoni kwa sababu mashine ya baridi ilikuwa imeharibika. Ulianza kwa kusema kwamba amesita siku kadhaa kuuandika. Ule weupe wa pembeni ulimsumbua, akaingia kwenye vitabu vya vifo, jambo ambalo angepaswa kulifanya mwanzo. Michael Tierney wa Honora alifariki mwaka wa 1925, mwenye miaka minne. Kifaduro, wiki mbili, hapakuwa na daktari. Hakuwahi kutoka Clare. Hakuwahi kuliona trekta.

"Na kwetu," Noreen aliandika, "msichana wa kwanza alikuwa akipewa jina la mama ya mamake, si mama ya babake. Jina la mama yako huenda lilitoka kwa sista fulani wa misheni. Babu yako ni Michael mwingine. Wapo wengi, tutaanza upya, wewe na mimi. Pole sana, mwanangu."

Picha ya ukurasa ilikuwa chini. Monicah aliikuza kwa vidole viwili. Alitafuta tu jina, alithibitishe, aifunge. Lakini jicho likaenda kwenye safu ya mwisho, pale wanapoandika ni nani aliyeleta habari.

Honora Tierney, mama, alikuwepo alipofariki. Na msalaba ule ule, ulioinama.

Hakuwa mama ya guka yake. Hakuwa mtu wake hata kidogo, na Monicah alimlilia akiwa ameziba mdomo na kanga ili asimwamshe mtoto. Alimwona akitembea kwenda kwa msajili mara ya pili, ile njia aliyopita zamani amembeba mtoto, safari hii mikono mitupu. Mtu asiyejua kusoma, anaambiwa weka alama hapa, anaweka. Mtoto wake aliishi miaka minne tu na ameandikwa mara mbili. Karibu miaka mia imepita, mwanamke wa Nyeri aliyeko Riyadh anajua alikohoa wiki mbili.

Ian aligeuka usingizini, akatoa mguu nje ya shuka. Akipatwa na kifaduro usiku huu, Monicah aliwaza, nani atajua kwamba alikuwa hapa?

Jumapili asubuhi alimvalisha shati la mistari. Eddah aliomba ruhusa saluni akaja nao, na njiani hakufanya utani hata mmoja.

Wanawake walikuwa wamejipanga ukutani na watoto wao, wengine wamejifunika nyuso. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Zamu ya Monicah ilipofika, kijana aliyekaa mezani aliuliza bila kuinua macho.

"Cheti cha hospitali?"

"Sina. Hakuzaliwa hospitali."

"Baba?"

Nyuma yake foleni nzima ilikuwa ikisikiliza, au ndivyo alivyohisi. "Hayupo. Alikataa."

"Sasa mama, nani atathibitisha kwamba mtoto huyu alizaliwa, siku hiyo, mahali hapo?"

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

"Mamake," Monicah alisema. Akarudia kwa sauti zaidi. "Mamake. Nilikuwepo."

Kijana aliinua macho hatimaye. Alimtazama yeye, akamtazama Ian, aliyekuwa amekumbatia mkono wa Eddah. Kisha akaigeuza karatasi na kuisukuma upande wake, kidole kikionyesha mstari wa chini kabisa. Monicah aliandika jina lake lote, kwa mwandiko ule wa masomo ya jioni, herufi moja moja, bila haraka.

"Kaeni pale mngoje," kijana alisema. "Kuna mtu atakuja kuwaita."

Hakusema ni mtu gani, na Monicah hakuthubutu kuuliza. Walikaa kwenye benchi, macho kwenye mlango wa ndani uliofungwa. Ian alipanda mapajani mwake, akauliza kama guka ndiye aliye huko ndani.

"Hapana," Monicah alimwambia, akimfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. "Huko ndani kuna jina lako."