Ti Isiyofika Nyumbani

Baba yangu alifundisha kwaya miaka thelathini na miwili, na hakuwahi kusifu wimbo nilioutunga hata siku moja. "Wewe unashona nyimbo viraka," alikuwa akinitania, maana mimi ni fundi cherehani. Sasa kiharusi kimemfunga ulimi. Muuguzi wa mazoezi ya kuongea kasema wazi: Ijumaa asipotoa sauti, nafasi yake atapewa mgonjwa mwingine.

"Dada, mwache mzee apumzike," mdogo wangu akaniambia.

"Apumzike akae kama gunia? Thubutu!"

Nikasukuma pembeni nguo za wateja, nikaanza kutunga wimbo wa kumtoa Baba sauti, nikaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia noti nne: do, re, mi, so. Basi. Baba mwenyewe alitufundisha kwamba wimbo huanzia kwenye kipande kidogo. Nikakirudia ili sikio likizoee, nikakipandisha ngazi moja: re, mi, fa, la. Kisha nikakigeuza kishuke. Nikaweka vilele vitatu vya sauti ya juu, nikamsikia Baba kichwani: "Kilele kimoja, binti! Ukipanda kila mahali, tutajuaje tumefika?" Nikafuta viwili kwa kiwiko.

Nikamwimbia asubuhi na jioni. Alinitazama tu. Alhamisi nikalia mbele yake, wala sikujificha.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kwenye kwaya, mtu akikatisha wimbo kwenye ti, noti iliyo chini tu ya do, Baba alikuwa anagonga meza: "Tufikishe nyumbani!" Nyumbani ni do, na bila do alikuwa hatulii. Kumbe wiki nzima mimi ndiye niliyekuwa nammalizia wimbo kwenye do! Mjinga mimi.

Ijumaa muuguzi akaja na faili lake. Nikaimba kipande, nikakirudia, nikapanda hadi kileleni, nikaanza kushuka: so, fa, re, ti. Nikafunga mdomo.

Mdogo wangu akataka kuimalizia do, nikamfinya. Muuguzi akatazama saa.

Mkono wa Baba ambao haukupooza ukagonga kiti. Ukagonga tena. Uso ukamkunjamana kwa hasira, hasira ileile ya mazoezi ya kwaya.

"Do," akatoa, kwa sauti ya kukwaruza.

Muuguzi akaandika haraka. Mdogo wangu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Hiyo do imepwaya, Mwalimu," nikamwambia huku machozi yananitiririka.

Akanikazia macho, akavuta pumzi, akaitoa upya. Safari hii ilikaa sawasawa.