Gething na Pacha Wake

Kwaru, kwaru. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya adhana ya alfajiri, na Sutiyem alisaga pilipili kwenye jiwe gizani. Aliposikia mkono mwingine ukimenya vitunguu, hakushtuka. Ubavuni pake alikuwa ameketi jirani yake, Ginah, bado na nguo ya kulalia.

"Jana ulisema nini, shoga? Mwenzio nilikuwa nimelala," aliuliza Ginah.

"Nilisema gething."

"Ndo hivyo basi. Sogea, unanibana."

Gething si kuchukia tu. Ni kumchukia mtu hadi mate yakatae kupita kooni. Wajava waliolitunga neno hilo walilipatia pacha, nyanding, yaani kukaa ubavu kwa ubavu, na mama humwonya mwanawe: ukilitamka la kwanza, la pili litakujia. Karani wa kijiji, akiulizwa lipi lilitangulia, husema yalizaliwa pamoja, yanasukumana mlangoni.

Kisa kilikuwa ukuta. Sutiyem alikuwa ameujenga ukaziba kichochoro, hivyo Ratri, mjukuu wa Ginah mwenye miaka saba, akawa anaenda shule kwa kuvuka mfereji wa mashamba ya mpunga. Ginah aliomba upana wa mlango mmoja. Usiku ule, Ginah akiwa amelala kwake, ndipo Sutiyem akalisema lile neno.

Tangu hapo hawakuachana. Sutiyem akienda sokoni kuuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, Ginah yupo, anarudisha chenji. Akienda msalani, Ginah humpa kisogo na kuimba. Mume wa Sutiyem aliwaachia kitanda, akahamia kwenye kiti cha mwanzi. Harusini walipewa sahani moja na vijiko viwili, na bwana harusi akanung'unika kwamba wale wamependeza kuliko yeye na mkewe.

"Dawa mnaijua," alisema mkuu wa mtaa. "Toboa ukuta, mama. Roho ikipoa, kila mtu atalala kwake."

Sutiyem alifikiri siku tatu. Ya nne akamwita fundi. Fundi alikuja na nyundo, akauliza atoboe wapi.

"Utoboe nini? Nirefushie hili benchi la hapa ukutani, tuenee wawili."

"Ungetoboa tu, shoga," alisema Ginah.

"Benchi ni rahisi."

"Haya. Nipe chumvi."

Benchi likawa zuri, watu wakalisifu. Kisha mvua za Januari zikaanza. Mchana mmoja wawili hao walikuwa wameketi wakiegemea ukuta, wakichambua maharage, Ratri akatokea nyuma ya nyumba akitoka shule, viatu na daftari kichwani, sare imemganda mwilini. Wakasogea wote wawili kwa pamoja, wakampa nafasi.

"Bibi," alisema Ratri, "leo maji ya mfereji yamenifika kifuani."