Benchi la Matundu

Elick alikuwa ameinamia benchi, anatoboa tundu jingine, mama mkwe akaanza kukohoa ndani. Akasimamisha drili. Kikohozi nacho kikakata palepale, kama cha mtu aliyejiziba mdomo.

Mama mkwe huyo, Nshoma, alikuja Nyamahanga kumkanda binti yake Agness, mke wa Elick, aliyejifungua. Mkwe na mkwe hawaangaliani usoni. Kwa hiyo aliponing'iniza kanga mbichi mlangoni, Elick alidhani ni heshima, mama anajificha. Akaendelea kupiga msasa vitanda vyake vya mninga pale barazani, wiki nzima. Mpaka jana alipoiona kanga kwenye kamba: upande wa barazani mwekundu kwa vumbi, upande wa mtoto msafi.

"Mama anataka kutupeleka kwake Nyarubungo," Agness alimwambia. "Mtoto anapiga chafya usiku kucha."

Ndiyo maana ya benchi hili. Juu mbao yenye matundu, chini boksi lililozibwa, pembeni feni ya rejeta ya gari bovu, imefungwa kwenye betri ya sola. Vumbi livutwe chini, litokee nyuma, liingie kwenye mfuko wa salfeti.

Akawasha. Akapiga msasa. Juu pakabaki safi. Akacheka peke yake kama mjinga.

Halafu akatazama nyuma. Salfeti ilikuwa inapitisha vumbi kama chujio, na mgongo wa benchi alikuwa ameuelekeza dirishani kwa mtoto.

Akazima. Ndani, Nshoma akaanza kuongea na mjukuu, ili baba asikie.

"Mume wangu, mwambie baba yako asihangaike. Sisi kesho tunaondoka. Mbao ndizo zinamlisha."

Sauti haikuwa na hasira. Bora angetukana.

Masikio yakamwaka moto. Akaligeuza benchi, mgongo ukatazama migomba. Akachukua shuka lake la kulalia, akalikunja mara mbili, akalifunga juu ya salfeti. Akawasha tena.

"Mwanangu," akasema, macho kwenye mbao, "mwambie bibi yako kanga nimeiona."

Akapiga msasa taratibu, feni ikiunguruma chini ya mikono yake. Pale mlangoni pindo la kanga likainuka kidogo. Kikatokea kiganja kimoja, kimefunguliwa kuelekea juu, kikatulia hewani kama cha mtu anayepima kama mvua bado inanyesha.