Swali Lililobaki Mdomoni

Daktari aliuliza swali lake, akaweka kalamu mezani, akanikazia macho. Mama mkwe naye alinitazama. Alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda cha kupimia, kwa kuwa kukaa kulikwisha kumshinda, mkoba kaukumbatia kifuani, anangoja nimwambie kinachosemwa. Mle chumbani tulikuwa watu watatu, na ni mimi peke yangu niliyejua lugha zote mbili. Ulimi ukanikauka.

Ajabu kweli, maana mdomo ndio unaonilisha. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika mji wa kale wa ughaibuni tulikohamia: ukuta wa miaka mia sita, mnara, lango la wafalme. Naweza kuwasimulia watu arobaini habari za mfalme aliyekatwa kichwa mpaka wakasahau kuwa viatu vinawabana. Mke wangu hupenda kusema kwamba siku nikifa, mwili utazikwa leo na mdomo kesho yake.

Mama mkwe alikuja kututembelea kwa miezi mitatu, ikawa miaka miwili. Alikuja na mgongo wake. Miaka thelathini na moja ya kuinamia cherehani ilikuwa imemkalia kiunoni, na kutoka hapo maumivu yalishuka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, mchana na usiku. Tulikaa ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo hata kupigilia msumari ukutani kunataka kibali, sembuse kuweka lifti. Ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani. Mama alizishuka kinyumenyume, kiganja ukutani, akipumzika kila baada ya ngazi tano.

"Mji huu na mimi ni rika moja," aliniambia siku moja akihema. "Ila mwenzangu anakarabatiwa."

Alikuwa na taratibu zake. Chupa ya maji moto kiunoni kukicha, kidonge kimoja baada ya chai, blanketi mbili sakafuni badala ya godoro. Ukimuuliza, "Umeamkaje, Mama?" atakujibu, "Salama, mwanangu," huku kashika fremu ya mlango isije ikamponyoka.

Heshima yetu ilikuwa ile ya mtu na mkwewe. Akitoka bafuni, mimi naangalia dirishani. Akiingia sebuleni na nimevaa kaptula, navuta mto wa kochi najifunika magoti. Neno paja halikuwahi kutamkwa kati yetu, hata la kuku.

Kwa hiyo wiki mbili kabla ya siku ile ya daktari, nilipoanza kusikia maji yakimwagika bafuni alfajiri, nikakuta shuka zake zinachuruzika kwenye kamba siku ya tatu mfululizo, nilijua. Sioni sababu ya kujisafisha hapa. Mama ana miaka minne kaburini, na mke wangu hasomi ninayoandika. Nilijua, nikageuza uso, nikajisemea hayo ni mambo ya mama na binti yake. Tunayo methali ya mficha maradhi. Ya yule anayemsaidia kuyaficha sijawahi kuisikia.

Kliniki alikuwa akipelekwa na mke wangu. Siku ile msimamizi wake alimnyima ruhusa kazini, nikaenda mimi. Tulitumia saa nzima kuvuka mitaa mitatu ya mawe, yeye akitafuta pa kukanyaga, mimi nikijifanya namwonyesha majengo ili apate kisingizio cha kusimama.

Na swali la daktari lilikuwa hili: je, mgonjwa ana ganzi katikati ya mapaja, sehemu zile za siri, na je, mkojo unamtoka bila yeye kujua? Akaongeza polepole, nisikose hata neno.

"Jibu likiwa ndiyo, leo harudi nyumbani. Mishipa ikibanwa kiasi hicho tunahesabu saa. Akichelewa, hatatembea tena."

Nilimgeukia Mama. Nilikuwa na maneno yote, ya heshima na ya mtaani, ya vitabuni na ya hospitali. Nikayaona yote yamepanga foleni, na hakuna hata moja lililokubali kutangulia.

"Mama," nikasema, "anauliza kama kuna tatizo jingine zaidi ya mgongo."

Akainamisha macho. Aliuchezea mkanda wa mkoba kitambo, akaukunja, akaukunjua. Nina hakika alitaka kusema. Lakini wa kumwambia nilikuwa mimi, mume wa binti yake.

"Hakuna, mwanangu. Ni mgongo tu."

"Anasema hapana," nikamwambia daktari.

"Yote mawili hapana?"

"Yote mawili."

Akaandika. Akamgonga magoti kwa kinyundo, akakunja uso kidogo, akampa dawa kali zaidi na tarehe ya kupigwa picha baada ya wiki tano. Mama alimshukuru kwa mikono miwili.

Njiani niliapa kwamba jioni nitamwambia mke wangu amuulize mama yake wakiwa wawili tu. Jioni mke wangu akarudi hoi, mtoto wetu naye ana homa. "Wamesemaje?" akauliza akivua viatu. "Wamembadilishia dawa," nikajibu. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho kutwa. Kila alfajiri maji yalimwagika bafuni, nami nilivuta blanketi nikafunika masikio. Siku ya tano hayakumwagika.

Tulimkuta chali sakafuni, macho wazi, shuka imelowa. "Miguu yangu siisikii," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Wabebaji walishindwa kupinda na machela kwenye ngazi zile, wakamfunga kwenye kiti, wakamshusha kama kabati. Mlangoni palikuwa na kundi la wageni wanapiga picha nyumba yetu. Walitupisha kwa adabu.

Hospitali walimletea mkalimani kwa simu, sauti ya mwanamke mtu mzima. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkalimani aliuliza swali lile lile, lote, waziwazi, kama anayeulizia bei ya nyanya.

"Wiki ya tatu sasa, dada yangu," Mama akajibu.

Kisha nikaona anapiga hesabu. Alikuwa anakumbuka kile chumba, maneno marefu ya daktari na maneno yangu mafupi. Akageuza shingo, akanitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Walimpasua siku ile ile, lakini tulikuwa tumechelewa. Miguu ilipooza, maumivu ya kiuno yakabaki. Hilo sikulitarajia. Nilidhani walau kimoja kingeondoka na mwenzake.

Siku ya tisa mke wangu alisoma faili. Alikuja wodini karatasi imemkunjika mkononi, akasimama kati ya kitanda na mimi.

"Wameandika aliulizwa, akakataa. Ulimuuliza? Maneno yenyewe hasa?"

Nafsi yangu inaniambia nilikuwa naenda kusema kweli. Sijui.

"Aliniuliza," Mama akasema kutoka kitandani. "Vizuri sana, neno kwa neno. Ni mimi niliyeona haya."

"Mama! Haya gani hiyo ya kujiua?" Mke wangu alitoka mbio, mkono mdomoni.

Tukabaki wawili. Nikaanza, "Mama, mimi..." Akainua kiganja kunizuia.

"Ukisema, mimi nitasimama?" Akavuta shuka, akaifunika miguu yake. "Basi. Nenda kamtulize mkeo."

Nilimkuta koridoni, paji la uso kaliegemeza ukutani. Akaniangukia begani akilia kwa kwikwi, akimlaumu mama yake, ukaidi wake, aibu zake za kizamani, kwamba mtu anaona bora apooze kuliko kusema. Nilimpigapiga mgongoni.

"Nyamaza, mke wangu," nikamwambia. "Wazee wetu ndivyo walivyo."